Utafiti wa Biolojia Vyuoni na Uendelevu wa Mazingira: Kutoka Gitega hadi Muyinga

UTANGULIZI

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini jarida la idara ya Kiswahili lijishughulishe na habari za maabara, vyura na mimea iliyokaushwa. Sababu ni mbili. Kwanza, wanafunzi wetu huombwa mara kwa mara na wenzao wa biolojia na kilimo wawatafsirie hojaji, vibao vya tahadhari na muhtasari wa matokeo. Pili, neno lililo katikati ya shughuli hiyo, yaani uendelevu, hutumiwa sana lakini hufafanuliwa kwa nadra. Neno likitumiwa bila kufafanuliwa, kila mtu hulijaza maana anayoitaka.

Makala hii inakusudia kueleza maana ya utafiti wa biolojia unaojali uendelevu wa mazingira, kuonyesha hatua ambazo utafiti huo unaweza kudhuru kile kile unachokichunguza, na kupendekeza mchango wa mwalimu wa Kiswahili.

Ni vizuri tuanze na ramani. Mto Ruvyironza hupita karibu na Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, kisha huungana na Ruvubu. Ruvubu huelekea kaskazini-mashariki, hukata Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, hupita upande wa Muyinga na Cankuzo na kuingia Tanzania. Karibu na maporomoko ya Rusumo hukutana na Nyabarongo, na kutoka hapo mto huitwa Kagera hadi Ziwa Viktoria. Muyinga ilikuwa mkoa hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2025, na sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Mipaka ya mikoa imebadilika, lakini maji hayakubadili njia. Kitu kinachomwagwa katika mfereji wa maabara Gitega kinaweza kushuka mtoni na kuwafikia watu wa chini ambao hawajui kwamba kuna utafiti unaofanyika. Njia hii ya maji itatusaidia kama kipimo katika sehemu zote zinazofuata.

MANENO MATATU

Neno la kwanza ni mazingira. Linatokana na kitenzi zingira, yaani kuzunguka pande zote. Mwanafunzi Mrundi hana haja ya kulikariri, kwa kuwa Kirundi kimepita njia hiyo hiyo: ibidukikije ni vile vinavyotuzunguka. Katika lugha zote mbili mtu yuko katikati, na vitu vingine vimemzunguka. Mwanabiolojia anaongeza jambo moja: hata yeye mwenyewe, akiwa na mabuti yake, chupa zake na gari lake, ni sehemu ya kile kinachomzunguka chura au samaki anayemchunguza.

Neno la pili ni bayoanuwai. Sehemu yake ya kwanza imekopwa kutoka lugha za Ulaya, na ya pili, anuwai, ni neno tulilolipata zamani kutoka Kiarabu, lenye maana ya aina mbalimbali. Bayoanuwai ni wingi na tofauti za viumbe hai, pamoja na tofauti zilizomo ndani ya kila spishi na tofauti za mahali viumbe hao wanapoishi.

Neno la tatu ndilo gumu zaidi: endelevu. Limeundwa kutokana na kitenzi endelea, kama vile legevu lilivyotokana na legea, na potevu na potea. Vivumishi vya namna hii husema kwamba sifa inakaa ndani ya kitu chenyewe. Mtu msikivu ndiye anayesikia, na kamba legevu ndiyo iliyolegea. Wanafunzi huuliza pia kwa nini tunasema mtu mtulivu na watu watulivu, lakini maendeleo endelevu, kilimo endelevu na matumizi endelevu bila kiambishi cha upatanisho. Jibu ni kwamba kivumishi hiki kimezoeleka hivyo, kama istilahi iliyoganda.

Tukifuata sarufi peke yake, utafiti endelevu ni utafiti unaoendelea. Hapo ndipo kosa la maana linapoingia. Katika taarifa nyingi za miradi, uendelevu wa mradi humaanisha kwamba kazi itaendelea baada ya fedha za wafadhili kwisha. Maana hiyo si mbaya, lakini siyo tunayoizungumzia hapa. Utafiti unaweza kuendelea miaka 20, ukipata fedha kila mwaka, huku ukimaliza mmea unaouchunguza. Kwa hiyo kila tunapokutana na neno endelevu katika biolojia, tuulize: ni nini hasa kinachotakiwa kuendelea? Jibu liwe mmea, mnyama, udongo, maji, na maisha ya watu wanaovitegemea. Ili kuepuka utata, makala hii inasema uendelevu wa mazingira katika utafiti.

HATUA YA KWANZA: UWANJANI

Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu ilianzishwa mwaka 1980. Ina eneo linalozidi hekta 50,000, na mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo mna nyati, kuro, viboko, mamba, nyani na ndege wengi, pamoja na misitu ya kandokando ya mto na mafunjo katika mabonde. Ni hifadhi kubwa kuliko zote nchini, na kwa hiyo ni darasa la kawaida la wanafunzi wa biolojia.

Lakini hifadhi hiyo ina historia ya watu pia. Ilipoanzishwa, familia zilizokuwa zikiishi ndani ziliondolewa. Leo mkazi wa jirani, tuseme wa Buhinyuza upande wa Muyinga, haruhusiwi kukata mti wala kuchimba mzizi humo. Kisha siku moja anamwona kijana wa chuo akipita na kibali mkononi na kurudi na mfuko umejaa mizizi. Swali lake ni la haki: kwa nini mimi nikichimba ni uharibifu, na yeye akichimba ni elimu? Mtafiti asiyeweza kulijibu swali hilo kwa lugha inayoeleweka hajamaliza maandalizi yake.

Msingi mzuri wa jibu hilo uliwekwa mwaka 1959 na Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch. Wao walikuwa wakizungumzia wanyama wa majaribio, lakini kanuni zao tatu zinafaa hata uwanjani. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita kubadili, kupunguza na kuboresha.

Kubadili ni kutumia njia isiyomwondoa kiumbe mahali pake. Sauti ya chura inaweza kurekodiwa, ndege anaweza kupigwa picha, na mnyama anaweza kuchunguzwa kwa kinyesi au manyoya aliyoyaacha.

Kupunguza ni kutochukua zaidi ya kinachohitajika. Kabla ya kuchuma, mtafiti aulize kama mmea huo umekwisha kuhifadhiwa katika hebaria, yaani mkusanyo wa mimea iliyokaushwa. Chuo Kikuu cha Burundi kina hebaria yake Bujumbura. Aidha, mimea mingi iliyochumwa nchini wakati wa utawala wa Ubelgiji imehifadhiwa katika Bustani ya Mimea ya Meise, ambayo katika miaka ya karibuni imeweka picha za mimea yake ya Afrika katika intaneti. Mwanafunzi wa Gitega aliyekuwa akihitaji safari ya Ulaya ili aione mimea hiyo anaweza sasa kuiangalia kwenye kompyuta. Safari moja ya kuchuma ikiepukwa, mimea imepona na nauli imebaki.

Kuboresha ni kuchukua kwa namna inayoumiza kidogo. Tawi lenye maua na majani mara nyingi linatosha kuutambulisha mti, na hakuna haja ya kuung'oa. Gamba likihitajika, likatwe upande mmoja tu, kwa kuwa mti uliochunwa gamba kuzunguka shina lote hufa.

Haya hayana maana kwamba vielelezo havifai. Mwezi wa Desemba 2011 watafiti kutoka Marekani walimpata tena katika msitu wa Bururi chura aitwaye Cardioglossa cyaneospila, ambaye hakuwa ameonekana na wanasayansi tangu mwaka 1949. Wasingeweza kusema kwamba ni chura yule yule kama kusingekuwa na maelezo na vielelezo vilivyohifadhiwa tangu zamani. Kielelezo kilichochukuliwa kwa uangalifu, kikaandikwa tarehe na mahali, na kikatunzwa vizuri, huwafaa watafiti wa vizazi kadhaa. Kinachopingwa ni kielelezo kinachochukuliwa kwa ajili ya karatasi moja ya mtihani, kisha kinaozea kabatini bila jina.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni matope ya mabuti. Mfano unaojulikana zaidi katika kanda yetu ni vyura wa Kihansi nchini Tanzania. Vyura hao wadogo waligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji ya maporomoko yalipungua mno. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani wakazaliane katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walikufa karibu wote, na miongoni mwa mambo yaliyogunduliwa ni ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Kuanzia mwaka 2010 walianza kurudishwa Tanzania, kwanza katika kituo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye korongoni kwenyewe.

Sababu za vifo vya mwaka 2003 zimejadiliwa sana, nasi hatutamtupia lawama mtu yeyote. Jambo moja ni hakika: kuvu huyo huishi katika maji na matope mabichi, na anaweza kusafirishwa kwa mabuti na nyavu. Mtafiti anayetoka kwenye bonde lenye maji karibu na Gitega asubuhi na kuingia katika mafunjo ya Ruvubu jioni, bila kusugua, kutakasa na kukausha vifaa vyake, anaweza kuwa mchukuzi wa ugonjwa. Vivyo hivyo kwa mbegu na vipande vya magugu. Tunakumbuka jinsi gugu-maji lilivyoenea katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990, likiletwa kwa sehemu na maji ya Kagera. Kipande kidogo kilichoshuka kutoka juu kiliwafungia wavuvi wa chini njia.

HATUA YA PILI: MAABARANI

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha hesabu ya kushangaza katika jarida la Nature. Katika idara yao ya biolojia, watafiti wapatao 280 walitoa karibu tani 267 za taka za plastiki kwa mwaka mmoja wa 2014. Wakakadiria kwamba maabara za aina hiyo duniani zilitoa tani milioni 5.5 mwaka huo. Taka hizo ni sahani za kuoteshea bakteria, mirija, glavu na vifungashio, vitu vinavyotumiwa mara moja na kutupwa.

Maabara zetu hazifikii kiasi hicho. Katika vyuo vyetu vingi sahani za kioo huoshwa, huchemshwa na kutumiwa tena. Mara nyingi tumefanya hivyo kwa sababu ya uhaba, na tumezoea kuona aibu tukijilinganisha na wenye vifaa vipya. Hakuna sababu ya aibu. Kinachotakiwa ni kuvitakasa vizuri ili visiharibu majaribio wala kumwambukiza anayeviosha. Burundi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya mwaka 2018. Ingekuwa ajabu kama muuza nyanya wa soko la Gitega angeacha mfuko, na chuo kingeongeza plastiki bila kujiuliza.

Plastiki ikishatumika, swali ni itakwenda wapi. Kuichoma ndani ya shimo nyuma ya jengo si suluhisho, kwa kuwa moto wa shimoni hauna joto la kutosha. Baadhi ya plastiki zikichomwa hivyo hutoa dayoksini, sumu zinazodumu muda mrefu na kuingia katika maziwa na nyama. Tanuri lililojengwa kwa kazi hiyo, kama lile la hospitali kubwa, ni afadhali. Pale ambapo chuo hakina tanuri, makubaliano na hospitali ya jirani yana faida kuliko shimo.

Umeme nao unahesabika. Majokofu ya baridi kali ya maabara hula umeme mwingi mno. Vyuo kadhaa vya Marekani vimeonyesha kwamba yakitegwa kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri badala ya 80, sampuli nyingi hubaki salama na umeme hupungua kwa kiasi cha theluthi hivi. Penye umeme wa kukatika na jenereta ya dizeli, theluthi hiyo si ndogo.

Sasa tuje kwenye kemikali, na hapa mwalimu wa lugha asikilize kwa makini. Kirundi kina neno umuti, wingi imiti, ambalo maana yake ni dawa: dawa ya mgonjwa, na pia dawa ya kuua wadudu. Kiswahili kina mti, ambao kwa Kirundi ni igiti. Shina la maneno haya ni moja, kwa kuwa dawa za wazee zilitoka mitini. Kiswahili nacho kinatumia neno dawa kwa upana ule ule: dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya mbu. Basi mfanyakazi wa usafi akiambiwa kwamba chupa ile ina dawa, au irimwo umuti, amesikia neno ambalo katika maisha yake limemponya mara nyingi kuliko lilivyomdhuru.

Chukua formalini, inayotumiwa kuhifadhia samaki na vyura. Ndani yake mna formaldehaidi, ambayo mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kumsababishia binadamu saratani. Dumu la formalini likiisha ni dumu zuri, lenye kifuniko kinachofunga. Katika nyumba nyingi dumu zuri halitupwi, bali hutiwa maji, mafuta au pombe ya ndizi. Kibao cha Kifaransa kilichobandikwa juu yake hakimsaidii asiyesoma Kifaransa. Hapa tafsiri inaweza kuokoa maisha, na neno linalofaa ni sumu. Kemikali ni neno sahihi kwa darasa, lakini kwenye dumu liandikwe SUMU, kwa herufi kubwa, na kwa Kirundi pamoja na Kiswahili. Dumu tupu litobolewe kabla ya kutoka maabarani.

Hali kadhalika, formalini iliyotumika isimwagwe kwenye mfereji. Ikusanywe katika chombo kilichoandikwa, ikingoja kuharibiwa na wenye ujuzi. Tunarudi kwenye ramani: chini ya mfereji kuna kijito, chini ya kijito kuna Ruvyironza, na chini zaidi kuna wanaochota maji ya Ruvubu.

HATUA YA TATU: MATOKEO

Mkataba wa Bayoanuwai ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliongeza kanuni za kugawana manufaa yanayotokana na rasilimali za viumbe, na Burundi ilijiunga nayo mwaka 2014. Kwa ufupi, anayechukua mmea na ujuzi wa wenyeji kuhusu mmea huo anatakiwa kuomba ridhaa kabla, akieleza wazi atakachofanya, na kukubaliana jinsi faida itakavyogawanywa.

Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa. Karatasi ya Kifaransa iliyowekwa alama ya dole gumba inamlinda mtafiti, lakini haimwelezi kitu mwenye dole. Vijijini kandokando ya hifadhi lugha ya kutumia ni Kirundi, na mwalimu wa Kiswahili asione haya kulisema hilo. Kiswahili kina nafasi yake katika soko la Muyinga na mitaa yake ya Waswahili, katika njia ya Kobero inayokwenda Ngara, na hasa kwa watu wa ng'ambo, maana Ruvubu haiishii mpakani. Mvuvi wa Kagera hawezi kusoma ripoti iliyoandikwa Gitega kwa Kifaransa. Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili ndicho lugha iliyo karibu zaidi ya kumpelekea habari za maji yake.

Matokeo yasiporudi kwa watu, madhara yake ni ya kimazingira pia. Mzee aliyemwonyesha mtafiti mti wa dawa, asisikie tena habari yoyote, hana sababu ya kuulinda mti huo wala kumwongoza mtafiti wa pili. Ukurasa mmoja wa muhtasari, ukisomwa mbele ya watu, una gharama ndogo sana ukilinganishwa na safari yenyewe.

KAZI YA MWALIMU WA KISWAHILI

Tunapendekeza zoezi moja kwa darasa la tafsiri. Wanafunzi wapewe taratibu za usalama za maabara ya chuo chao, wazitafsiri, kisha wazisome mbele ya wafanyakazi wa usafi na watunza bustani. Wasikilizaji waulizwe wameelewa nini. Pale watakapoelewa vingine, tafsiri irekebishwe. Zoezi hilo litamfundisha mwanafunzi kwamba kipimo cha tafsiri ni kile msikilizaji atakachokifanya baada ya kusikia. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni msaada mzuri wa kuanzia.

Maneno yafuatayo huchanganywa mara nyingi, na yafaa yafafanuliwe mapema:

Kielelezo: kiumbe, au sehemu ya kiumbe, kilichohifadhiwa ili kiwe ushahidi wa spishi yake.

Sampuli: kiasi kidogo cha kitu, kama maji au udongo, kinachowakilisha kitu kizima.

Kuosha: kuondoa uchafu unaoonekana.

Kutakasa: kuua vimelea visivyoonekana. Tangu mwaka 2020, kwa sababu ya vitakasa mikono, neno hili limezoeleka hata mitaani. Kuosha peke yake si kutakasa.

Taka hatarishi: taka zinazoweza kuambukiza, kukata au kutia sumu, zisizochanganywa na taka za kawaida.

Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa na kuelewa, pamoja na haki ya kukataa.

HITIMISHO

Tumeona kwamba neno endelevu halijitoshelezi mpaka tuseme ni nini kinachotakiwa kuendelea. Katika utafiti wa biolojia jibu hilo hupatikana katika mambo madogo: idadi ya mimea iliyochumwa, mabuti yaliyooshwa, dumu lililotobolewa, kibao kilichosomeka, muhtasari uliorudishwa kijijini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika habari ya maji, atakayejenga ukuta huo ni jirani aliye chini ya mto.

Walimu na wanafunzi wa Gitega, Muyinga na kwingineko wanakaribishwa kuiletea idara maneno ya maabara na ya uwanjani wanayoyasikia, pamoja na tafsiri wanazopendekeza, ili orodha yetu iongezwe katika toleo lijalo.